Saiti ya mji ichaguliwe kama baiskeli, aulizwe fundi kwanza

Jumapili iliyopita tulikaa watu saba kwenye kibaraza kule Chumbageni, hapa Tanga, kahawa na kashata zinazunguka, na ajenda ilikuwa moja tu, saiti yetu ya mji tunaiandika upya, sasa tuiandike kwa kutumia nini. Tulianza baada ya alasiri tukanyanyuka adhana ya magharibi inaadhiniwa na hatujakubaliana hata kitu kimoja. Kijana mmoja kaja na React, mwingine kaja na Django, mwingine anasema Laravel ndo habari ya mjini, zote ni zana za kuandikia saiti, na mwalimu mstaafu, ambaye ndiye anapandisha matangazo mengi kuliko sisi wote, yeye kakaa kimya na kikombe chake mkononi. Nikamuuliza, Mwalimu we unaonaje? Akanijibu, "Mi nataka nikibonyeza, tangazo litokee."

Nimelala na hilo neno siku tatu, ndo maana naandika.

Kwa asiyeijua, hii ni saiti ya kujitolea, hakuna anayelipwa hata mia. Inabeba matangazo ya misiba, nafasi za kazi, vitu vilivyookotwa, mechi za Coastal na African Sports pale Mkwakwani, na kile ambacho watu wa pwani wanakifungua kuliko vyote, jedwali la maji: yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, bamvua lini, yale maji makubwa, na maji mafu lini, yale madogo. Wavuvi wa Sahare wanaliangalia, kina mama wa mwani wanaliangalia, wachokoa pweza wanaliangalia. Hela ya kuhifadhi saiti tunachangishana elfu tano tano, na kuna miaka mtu mmoja analipa yote kimya kimya asiseme.

Sasa msimamo wangu niuseme mapema ili tusizungushane. Swali la teknolojia ipi ni bora mi naliona ni swali la pili. La kwanza ni nani ataitengeneza ikiharibika, na huyo mtu anapatikana hapa Tanga au hapatikani. Kila kitu kingine kinafuata hapo, uzuri, kasi, usasa, vyote.

Sisi watu wa Tanga tunajulikana kwa baiskeli, na nadhani hakuna mji nchi hii unaoweza kulielewa hili kwa haraka kama sisi. Tembea Ngamiani asubuhi uone, baba kabeba mkaa, kijana kabeba mikate, mama kapakia mtoto, na nyingi ni Phoenix za chuma au ndugu zake, hazina gea, breki za fito, nzito kweli. Kwanini watu hawajahamia kwenye zile nyepesi za gea ishirini na moja? Sio kwamba hawazijui. Jirani yangu aliletewa moja na ndugu yake kutoka Ulaya, nzuri mno, unainyanyua kwa mkono mmoja, akaiendesha miezi minne, kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kikavunjika. Akaipeleka kwa fundi chini ya mwembe, fundi akaigeuza, akaiangalia, akamwambia kaka hii spea yake hapa hakuna, labda Dar, na Dar penyewe sijui. Ile baiskeli ikaingia ukumbini ikaegemezwa ukutani na bado imeegemea. Phoenix ikikatika spoku saa moja asubuhi saa mbili uko barabarani, kwa sababu kila kona kuna mtu ana spoku, ana kiraka, ana cheni, na anaijua hiyo baiskeli toka mtoto.

Kwenye programu spea ni watu. Unaweza ukashusha programu yoyote duniani bure ndani ya dakika tano, lakini mtu wa kuifungua na kuirekebisha usiku wa saa nne wakati kuna tangazo la msiba linatakiwa litoke kabla ya mazishi ya kesho, huyo hashushwi.

Na hili siliongei hewani, saiti yetu imeshakufa mara mbili.

Ya kwanza iliandikwa 2011 na kijana aliyekuwa chuo, lugha ya PHP tupu na databesi ya MySQL, mkono mtupu bila fremuweki yoyote, ile mifupa ya programu inayokuja tayari. Ilikuwa mbaya ya sura lakini ilifanya kazi miaka. Alafu asubuhi moja tukaamka kila ukurasa mweupe, hakuna kosa lililoandikwa, hakuna kitu, weupe tu. Tulihangaika wiki nzima kuelewa. Kilichotokea ni hiki: ule msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulikuwa unaongea na databesi kwa zile amri za zamani zinazoanza na mysql_, na wenye PHP walishatangaza toka toleo la 5.5 la mwaka 2013 kwamba hizo amri zinaondolewa, na toleo la 7.0 lilipotoka Desemba 2015 wakaziondoa kweli. Waliokuwa wanatuhifadhia saiti wakaja kupandisha toleo kwenye seva zao zote, sisi hatujui, na kijana aliyeandika kashahamia nje ya nchi. Dawa yake wala haikuwa ngumu, kubadilisha amri za zamani kwa za mysqli ni kazi ya siku mbili tatu kwa anayejua. Ila kati yetu hapakuwa na anayejua ule msimbo umekaaje, majina ya vitu yote alikuwa anayajua mwenyewe kichwani, hakuna karatasi, hakuna maelezo, faili moja lina mistari elfu mbili.

Watu wengi kwenye kikao walisema umeona, PHP ndo tatizo. Mi nasema hapana. Lugha ilitoa taarifa miaka miwili na zaidi kabla. Tatizo ni kwamba taarifa haikuwa na wa kuipokea.

Ya pili ndo inaniuma mpaka leo kwa sababu nilikuwepo na nilishangilia. 2017 akaja kijana mwenye kipaji, kweli ana kipaji, akasema tuachane na mambo ya kale, akaandika kwa React upande wa mbele, anaouona mtu, na Node upande wa nyuma, kwenye seva, miezi mitano, usiku usiku, hakudai hata nauli. Ilipotoka tulikaa tunaiangalia kama bibi harusi. Ukibonyeza hakuna kusubiri ukurasa mpya, picha zinateleza, kila kitu kinang'aa.

Nikaenda nayo Sahare nimuonyeshe mzee mmoja wa ngalawa ambaye alikuwa anafungua jedwali la maji kila siku. Simu yake ndogo, bando la mia tano. Tukafungua, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka, akaniangalia akasema, "Mwanangu, ile ya zamani maji nilikuwa nayaona." Sikuwa na cha kumjibu. Ile saiti kabla haijaonyesha neno moja ilikuwa inataka kwanza ishushe programu nzima ya JavaScript, ile lugha inayoendeshwa ndani ya brauza, kwenye simu, alafu simu iisome iielewe, alafu ndo iende kuomba data, na simu ya yule mzee haikuwa na nguvu hiyo na bando lake halikuwa la kazi hiyo. Alikuwa anatumia Opera Mini ili abane MB, na ile hali yake ya kubana sana inatengeneza ukurasa kwenye seva zao na kukuletea ushatengenezwa, JavaScript inapita kidogo tu, kwaiyo saiti inayotegemea JavaScript kwa kila kitu hapo inagota. Tulimpoteza mtu ambaye ndiye tulikuwa tunamfanyia kazi.

Alafu 2019 kijana akapata ajira Dar, haki yake kabisa, ana mke ana mtoto. Akatuachia laptopu ina kila kitu na maelekezo ya ukurasa mmoja. Miezi nane baadaye tukataka kubadilisha kitu kidogo, namba ya simu chini ya ukurasa, namba moja tu! Ukibadilisha lazima uijenge saiti yote upya, na kuijenga inataka vifurushi vya msimbo wa watu wengine mamia kwa mamia, na kati ya hivyo vingine vimeshabadilika, vingine havipatani na vingine tena. Haikujengeka. Tulijaribu siku nyingi.

Wanaofuatilia haya mambo wanakumbuka Machi 2016, kuna mtu mmoja aliondoa kifurushi chake kinaitwa left-pad kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, mistari 11 ya msimbo, kazi yake ni kuongeza nafasi kushoto mwa neno basi, na miradi mingi duniani ikagoma kujengeka siku hiyo kwa sababu vifurushi vilikuwa vinategemea vifurushi vinavyokitegemea. Makampuni makubwa yana watu wa kukaa usiku kulitatua. Sisi tuna mwalimu mstaafu, fundi simu, wanafunzi wawili, na mimi.

Sisemi React ni mbaya, na sitaki mtu anielewe hivo. Facebook waliitoa 2013 wakiwa na shida yao, ukurasa wenye vitu vingi vinavyobadilika kila sekunde mbele ya mtu. Tangazo la msiba halibadiliki kila sekunde. Linaandikwa, linasomwa, linabaki. Na hata wakubwa hawakuahidi kusubiriana na mtu: Google walitoa AngularJS 2010, watu wakajenga, Septemba 2016 ikatoka Angular 2 ambayo sio mwendelezo, ni kitu kingine, ukitaka kuhama unaandika upya, na mwisho wa 2021 ile ya zamani wakaacha kuihudumia. Kampuni yenye wafanyakazi inaumia inasonga, sisi tukiumia tunafungwa.

Mji wetu wanauita waja leo waondoka leo. Watu wa kujitolea ndo hivohivo, na hakuna ubaya. Mwanafunzi anamaliza, mwenye kazi anahamishwa, binti anaolewa Mombasa. Kwaiyo ukichagua teknolojia chagua ukijua kwamba anayeiandika ataondoka, sio kama msiba utakaotushangaza bali kama kitu kilichopo kwenye ratiba. Hapo ndipo maswali yanabadilika. Huulizi tena ipi ina kasi, unauliza nikienda kwenye chuo chochote hapa mjini au kwenye stesheneri yenye vijana wa kompyuta nikasema nahitaji anayejua kitu flani, watanyoosha mikono wangapi.

Tupite kwenye zilizotajwa kikaoni basi.

Django naiheshimu sana, na kama ningekuwa nachagua kwa moyo ningechagua hiyo. Ilizaliwa kwenye chumba cha habari, gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma Julai 2005, na unaona kabisa ilitengenezwa na watu wenye mhariri anayewasimamia kichwani anataka habari itoke leo, maana ukishaeleza tu data yako ikoje inakupa ukurasa wa usimamizi tayari, Mwalimu angebonyeza na tangazo lingetokea. Inapotushinda ni kwenye kuihifadhi. Hosting tunayoimudu ni ile ya kushirikiana na wengine, yenye cPanel, ule ukurasa wa kuiendeshea, na hiyo imetengenezwa kwa ajili ya PHP. Django inapenda iwe na seva yake, na seva yako maana yake wewe ndo unaapudeti Linux, wewe ndo unaangalia diski isijae, wewe ndo unahuisha cheti cha usalama kikigoma kujihuisha. Kati ya watu saba mmoja tu anaweza, na huyo mmoja yuko mwaka wa tatu chuoni.

Laravel iko katikati, ni PHP, vijana wengi wanaijua, imeandikwa vizuri. Ila ukiitumia bado unaandika mfumo mzima wa kuweka matangazo wewe mwenyewe, na mfumo ulioandikwa na mtu mmoja unajulikana na mtu mmoja. Tumeshapita njia hiyo.

Kuna na wanaosema tutengeneze kurasa za HTML tupu, maandishi ya wavuti yaliyo tayari, kwa zana kama Hugo au Jekyll, hakuna databesi, hakuna cha kudukuliwa. Wana hoja kubwa kuliko walivyoitetea. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti aliouweka Tim Berners-Lee pale CERN, ule wa mwaka 1991, nakala yake ukiifungua leo na simu ya bei ndogo inasomeka, kwa sababu ni maandishi na linki basi. Hakuna teknolojia nyingine kwenye orodha yetu inayoweza kusema hivyo. Tatizo ni anayepandisha tangazo. Kumwambia mama aliyefiwa na kaka yake asubuhi, au hata Mwalimu, kwamba aandike faili alafu alitume kwa Git, programu ya waandika msimbo ya kutunzia mafaili, mi siwezi, naona ni kumfungia mlango mtu mwenye shughuli.

Ila sasa angalia jedwali la maji. Maji ya Tanga ya mwaka mzima yanajulikana kabla mwaka haujaanza, ni hesabu ya mwezi na jua, hakuna anayeyabadilisha. Siku 365, mistari 365. Kwanini kitu hicho kikae kwenye databesi kiitwe upya kila mtu anapofungua? Hicho kiwe ukurasa mtupu wa maandishi, ukubwa wa kilobaiti chache, ufunguke hata mtandao ukiwa umebaki kijiti kimoja, na ubaki unafunguka hata siku saiti nyingine yote imelala. Hapa nakubaliana na vijana wa HTML asilimia zote, na nadhani ndo uamuzi wa maana kuliko wote tutakaoufanya, na kwenye kikao tuliupita kwa dakika mbili.

Kwa kilichobaki, matangazo na habari, mi nasema WordPress, programu ya PHP iliyo tayari ya kupandishia habari bila kuandika msimbo. Najua kuna aliyeguna hapo. Walioguna kikaoni walikuwa wanne.

Nisikilizeni. WordPress ilianza 2003, na ilivyoanza ndo kinachonivuta kuliko hata uwezo wake. Kulikuwa na programu ya PHP inaitwa b2, mwenyewe akawa haonekani tena akiiendeleza, Matt Mullenweg na Mike Little wakaichukua wakaiendeleza, kwa sababu leseni yake ilikuwa huria inaruhusu. Mwenyewe kaondoka, kazi haikufa. Hicho ndo kitu hasa tunachokitafuta sisi. Na hapa Tanga anayeijua WordPress hukosi, fundi wa stesheneri anaijua, mwanafunzi anaijua, dada aliyefungua duka la vitambaa mtandaoni anaijua. Mwalimu kashaitumia kwenye saiti ya msikiti, hafundishwi.

Inadukuliwa, ndio. Kuna kikundi kimoja jirani zetu waliamka saiti yao imejaa matangazo ya kamari, wakina mama wa vikoba wanafungua wanakuta mambo ya kubeti. Lakini fuatilia mlango alioingilia mwizi, mara nyingi ni plagini, kile kipande cha nyongeza cha mtu mwingine, tena plagini iliyowekwa na mtu akaisahau. Yenyewe WordPress toka toleo la 3.7 la Oktoba 2013 marekebisho madogo ya usalama inajiwekea, hata sisi tukiwa tumelala. Kwaiyo sharti langu ni plagini zisizidi tano, na kila moja iandikwe kwenye daftari imewekwa na nani na kwa kazi gani, kisichokuwa na mwenyewe kinatolewa. Thimu, yaani sura ya saiti, iwe ya kawaida inayokuja na WordPress yenyewe, sio ya kununua yenye mambo mia. Na kitu chochote kinachovutwa kutoka nje, fonti, picha za mapambo, vyote tuviweke kwetu. Mnakumbuka Mei 12, 2024, Jumapili ile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ikalala nchi nzima na nchi za jirani? Kwa siku zile zilizofuata ambapo ilikuwa inakuja kwa kusuasua, ukurasa unaosubiri fonti kutoka bara jingine ulikuwa unakaa mweupe, na ukurasa wenye maandishi yake mwenyewe ulikuwa unapita.

Kuna hoja moja ya vijana ambayo naibeba kwa uzito na sitaki ipite. Mmoja alisema, kaka, mi sipati hela hapa, ninachopata ni kujifunza, sasa nikija kujifunza WordPress ambayo hakuna atakayeniajiri kwayo nitakuja kwa ajili ya nini? Ana haki. Anayejitolea analipwa kwa kukua, na ukimnyima hilo usimtegemee kurudi Jumapili ijayo. Jibu langu ni kwamba apewe sehemu ya kujifunzia ambayo ikianguka hakuna anayelia. Ile programu ya kutengeneza jedwali la maji aiandike kwa Python, kwa Rust, kwa anachotaka, inakaa kwenye laptopu yake, inatoa faili la maandishi, tunalipandisha. Akiondoka na programu yake, faili la mwaka huu lipo na la mwakani tunaweza kulichapa hata kwa mkono. Ramani ya vituo vya daladala, hivyohivyo. Moyo wa saiti ndo usiwe uwanja wa mazoezi.

Na hata huo moyo tusiuandike wote kwa mpigo. Netscape walikuwa wanaongoza dunia kwa brauza, toleo la 4 wakalitoa 1997, alafu wakaamua kutupa msimbo waandike upya, toleo lililofuata, waliloliita 6, likatoka Novemba 2000, na katika miaka hiyo Internet Explorer ya Microsoft ikachukua watu. Wao walikuwa na hela. Nendeni pwani mkaone mashua inavyotengenezwa, fundi anatoa ubao uliooza anaweka mpya, anatia kalafati, chombo kinarudi majini, msimu ujao ubao mwingine. Tuanze na jedwali la maji, lipande peke yake wiki hii. Kisha misiba. Kisha kazi. Mpira mwisho, wapenzi wa Coastal watanisamehe.

Nimebakiza kitu ambacho hakikuwa kwenye ajenda kabisa na mimi naona ndo kimetuua zaidi ya React na PHP kwa pamoja. Funguo. Domeni yetu, yaani jina la saiti, ilisajiliwa kwa barua pepe ya kijana wa kwanza. Ilipofika kuhuishwa, taarifa zilienda kwenye barua pepe asiyoifungua tena, na tukaja kumpata kwa kupitia shangazi yake anayeuza maandazi Mabawa, Mungu amlipe, vinginevyo jina lingekwenda. Paswedi ya hosting alikuwa nayo mtu wa pili. Ya databesi hatujui mpaka leo. Mnaweza mkachagua teknolojia ya peponi na jina la saiti liko mfukoni mwa mtu mmoja. Nataka barua pepe ya kikundi, nataka watu watatu wenye funguo, na wasiwe wa nyumba moja, na nataka ziandikwe kwenye karatasi iliyofungwa kwenye bahasha kwa Mwalimu. Mtu akihama, paswedi zinabadilishwa siku hiyo ya kumuaga.

Na bakapu. Saiti ya kwanza ilipokufa tulipoteza matangazo ya misiba ya karibu miaka mitatu. Mwaka jana akaja mama mmoja wa Makorora, anasema mume wake alipofariki picha aliyotoa kwa tangazo ilikuwa ndo nzuri aliyokuwa nayo, simu iliibiwa, akafikiri kwetu ipo. Anauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, haipo hata ndogo?" Haikuwepo. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikashindwa kuongea. Hapo ndipo nilielewa tunachokitunza ni nini, na kwamba mahali pengine hakipo. Kwaiyo teknolojia yoyote itakayopita, sharti ni kwamba kila tangazo na picha yake viweze kutolewa vikawa faili la kawaida linalosomeka bila saiti kuwepo, kila mwezi, nakala mbili, moja kwenye flashi hapa mjini na moja mbali. WordPress ina sehemu ya kutoa maandishi yote kwa faili moja, ila picha hazimo kwenye faili hilo, folda lake lazima linakiliwe peke yake, na hili watu wengi wanalijua baada ya kuumia.

Ukiachana na hayo, namba za simu za watu tupunguze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na sisi kwenye fomu ya zamani tulikuwa tunadai jina kamili, simu, mtaa, hata tarehe ya kuzaliwa, kwa ajili ya tangazo la mbuzi aliyepotea. Tusiombe tusichokihitaji, na tusichokuwa nacho hakiwezi kuibiwa kwetu.

Kikao ni Jumapili hii tena, palepale, baada ya alasiri. Nitakuja na daftari la plagini likiwa tupu na bahasha. Yule kijana wa Django nimeshaongea naye, amekubali kuanza na jedwali la maji na alishalifanya la mwezi mmoja, jana nimelipeleka Sahare. Yule mzee hayupo siku hizi, anaumwa miguu, simu anayo mwanawe. Tumelifungua kwenye simu ileile, limefunguka kabla sijamaliza kumueleza ni nini, akaangalia bamvua inaanza lini, akaenda kuwaambia wenzake kwenye ngalawa.